Nyanya za mwezi wa saba hapa Arusha, jinsi nilivyozivusha baridi

Mwaka jana nilipoteza mashina 14 ya nyanya kwa siku sita. Jumapili jioni yalikuwa mazima, yamebeba, nyanya za kijani zimening'inia vizuri tu nikawa napiga hesabu ya lini naacha kununua, Jumamosi iliyofuata nikawa nayang'oa moja moja nayarundika kule nyuma karibu na choo cha nje na machozi yananitoka, kwa sababu nilizianza zile nyanya toka mbegu mwenyewe, nikazihamisha mwenyewe, na maji ya kumwagilia nilikuwa nabeba kwa ndoo wiki ambazo bomba halitoi.

Kila niliyemwambia alinijibu kitu kimoja. Baridi imezichoma hizo. Mama wa genge pale kona alisema hivo, bodaboda wangu alisema hivo, kaka yangu aliyeko Moshi akanicheka kwenye simu akaniambia wewe uko huko juu Ilboru unalima nyanya mwezi wa saba, njoo ulime huku chini kwenye joto. Na kweli Moshi mjini wako chini, mita mia nane na kitu hivi toka usawa wa bahari, sisi Arusha tuko kwenye 1,400 na huku kwetu mlimani tunazidi hapo, kwahiyo nikaamini. Nikasema basi, nyanya ni za kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua kubwa, kipupwe tule za sokoni.

Aliyenibadilisha mawazo ni Koko. Huku kwetu Waarusha bibi wanamwita koko, na huyu bibi jirani mtaa mzima tunamwita hivo hivo hata sisi tuliokuja. Alipita siku ile nang'oa, nikamwamkia, akaitikia alafu akasimama. Hakusema pole kwanza. Aliinama akachukua jani moja ambalo lilikuwa halijafa lote, lina doa la kahawia limeanzia pembeni kama limemwagiwa maji ya moto, akaligeuza chini juu akaniambia angalia hapa. Chini ya lile jani, kuzunguka doa, kulikuwa na weupe mwembamba kama mtu kapulizia unga. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni ugonjwa wa viazi. Baridi haina unga."

Nilikaa na hilo neno siku nzima. Ugonjwa wa viazi. Alafu nikakumbuka kwamba ploti ya nyuma yetu, kwa yule baba mwenye ng'ombe, kulikuwa na viazi mviringo na wiki mbili kabla vilikuwa vimeungua majani yote meusi, na mimi nilipita pale kila siku naona wala sikuhusisha na nyanya zangu.

Kumbe nyanya na viazi mviringo ni ndugu, na huu ugonjwa unaoitwa bakajani chelewa unawala wote wawili. Kitaalamu ni Phytophthora infestans, ndo huyo huyo aliyemaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845 watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa na wengine wakahama nchi. Sisi tunaita ukungu na dukani wanauza dawa za ukungu, lakini wataalamu wanasema sio ukungu halisi, yuko karibu zaidi na jamii ya miani kuliko uyoga, na hiyo inasaidia kuelewa tabia yake maana anapenda maji. Vimbegu vyake vinasafiri kwa upepo, vinatua kwenye jani, na hapo vinahitaji jani libaki limelowa kwa masaa kadhaa ndo viingie ndani. Hali ya hewa anayoipenda ni ubaridi, nyuzi 10 na kitu mpaka 20 na kidogo. Sasa we fikiria mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu, manyunyu toka usiku, wingu limekaa juu ya vichwa vya watu mpaka saa saba mchana, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu hazikauki. Tunampikia kabisa.

Na mimi nilikuwa namsaidia. Nilikuwa namwagilia jioni nikitoka kazini, na keni ile yenye kichwa kama bafu, juu kwenye majani kabisa, nikiona yanang'aa nafurahi. Kwahiyo jani linalala limelowa, umande unaongezea, manyunyu ya alfajiri yanaongezea. Mashina yenyewe nilikuwa nimeyabananisha shubiri moja moja ili yaenee. Hakuna upepo unaopita pale.

Kwahiyo mwaka huu nilianza na swali tofauti kabisa. Sikuuliza nitazipashaje joto nyanya, niliuliza wapi kwenye hii nyumba pana ukavu mwezi wa saba.

Hapa nataka nieleze taratibu kwa sababu ndo kitu kilichonipa nyanya. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi tatu na kitu tu, kwahiyo jua halikai sehemu moja mwaka mzima. Mwezi wa kumi na mbili linapita upande wa kusini, yaani upande wa mjini ukiwa umesimama kwangu. Mwezi wa sita linakuwa limehamia kaskazini, upande wa Meru. Nilithibitisha kwa kiti cha plastiki, nikakiweka katikati ya uwanja saa sita na nusu mchana siku moja jua lilipochungulia, kivuli chake kikaangukia kusini. Kumbe ule ukuta wa nyumba unaotazama mlima, ambao mimi siku zote niliuona ni wa nyuma na wa baridi, ndo unaopigwa na jua kipindi cha kipupwe, na ukuta wa mbele nilikopanda mwaka jana kwa sababu ulikuwa na jua zuri mwezi wa kwanza, unakaa kwenye kivuli wiki hadi wiki.

Alafu kuna jambo la pili. Asubuhi za mwezi wa saba hapa hazina jua, watu wa Arusha wanajua, jua likitoka ni kuanzia saa saba, saa nane, na muda huo limeshaanza kulalia magharibi. Kwahiyo kona ninayoitaka ni ile ya kaskazini magharibi. Na upepo wa kusi unaoleta lile wingu unatokea kusini mashariki, ina maana kona hiyo hiyo nyumba yenyewe imeikinga. Na kwa bahati paa la bati upande ule limechomoza kama hatua moja nzima, fundi aliacha upenu mpana ili kuni zisilowe. Nilihamisha kuni.

Mbegu nilisia tarehe 6 mwezi wa nne kwenye trei, nikahamisha katikati ya mwezi wa tano miche ikiwa na majani matano sita. Watu wananiambia umewahi, na nilijua nimewahi, nilitaka hivo. Nyanya inayokuta baridi ikiwa bado mche inadumaa, lakini inayokuta baridi ikiwa tayari ina shina nene na maua ya kwanza inavumilia, inapunguza tu mwendo. Nilipanda 12. Sita ni Tanya, ile fupi yenye ganda gumu, nne ni za kurefuka za F1, yaani chotara, nilizonunua mbegu kwa bei ya kuuma kidogo, na mbili sikununua popote, niliziokota jalalani pale tunapomwaga maganda, zile nyanya pori zinazozaa vidogo kama zabibu.

Nane nikaweka chini ya upenu kwenye ndoo za rangi za lita 20 nilizozitoboa chini, udongo wetu mweusi wa hapa nimeuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu, ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Ndoo nimezisogeza karibu na ukuta kabisa, kama shubiri moja tu, kwa sababu ukuta wa tofali ukipigwa na jua la mchana unabaki na uvuguvugu mpaka usiku, weka tu mkono saa mbili usiku utausikia. Nilinunua kipimajoto kidogo, alfajiri za mwanzo wa mwezi wa saba uwanjani kilikuwa kinasoma 11, 12, na pale kwenye ndoo 13 na nusu au 14. Ni nyuzi mbili tu, lakini kwa nyanya hizo mbili zina maana kubwa sana na nitaeleza.

Nne zilizobaki niliweka wazi, kitako cha bustani, nikazijengea kibanda cha nailoni nyeupe juu na pembeni kote. Hapo nilikosea na nasema ili mwingine asirudie. Ile nailoni asubuhi ilikuwa inatoa jasho, matone yanadondoka kwenye majani kama manyunyu ya ndani, na hewa haitembei. Wiki ya pili ya mwezi wa saba nikakuta doa la kwanza. Niligeuza jani nikaona unga. Sikusubiri, nikang'oa shina hilo na la jirani yake siku hiyo hiyo, nikayaweka kwenye mfuko, nikachimba shimo la kina cha magoti nikafukia, sikutupa kwenye lundo la mboji. Alafu nikafumua kuta zote za nailoni nikaacha paa tu. La tatu nalo likafa wiki moja baadaye, la nne likapona. Kwahiyo ukitaka kutumia nailoni tafadhali iwe mwavuli, isiwe blanketi.

Kwa yule baba mwenye ng'ombe nilienda mwezi wa tano, mapema kabisa, nikiwa na adabu zangu. Nilimwamkia tukaongea habari za maziwa kwanza, alafu nikamwomba kama anaweza kuniruhusu nichimbue viazi masalia vilivyobaki ardhini msimu uliopita vikawa vinachipua vyenyewe, kwa sababu huyu mdudu hakai sana kwenye majani makavu yaliyokufa lakini kwenye kiazi kizima kilichojificha udongoni anakaa vizuri anakungoja. Aliniangalia kidogo. Alafu akaniambia chimba, na vitakavyofaa chukua ukapike. Nilitoa kama nusu ndoo. Mwaka huu yeye alipanda maharage pale, sijui kama ni kwa sababu yangu.

Kumwagilia nilibadilisha kabisa. Asubuhi saa nne, kwenye udongo tu, na chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyotoboa kifuniko. Jani haliguswi. Na maji ya pipa ya usiku ni ya barafu kweli kweli, kwahiyo nilikuwa nachota jioni naweka jikoni ndani yalale yapungue ule ukali wa baridi. Chini ya upenu mvua haifiki, hiyo ndo faida, lakini pia ina maana ukisahau siku tatu hakuna wa kukusaidia, na nilisahau, nilienda msibani Usa River nikarudi siku ya nne, nikazimwagia maji mengi kwa huruma. Baada ya wiki mbili nyanya saba za Tanya zikawa na kitako cheusi kimebonyea. Wengi wanadhani ni ugonjwa wakanunua dawa, sio ugonjwa, ni kuoza kitako, nyanya inakosa kalisiamu kwa sababu maji yamekuja kwa kuruka ruka na kalisiamu inasafiri na maji. Udongo wangu ulikuwa na kalisiamu ya kutosha. Nilipanga maji yakaenda kila siku kidogo kidogo na zilizofuata zikatoka safi.

Majani ya chini yote niliyakata mpaka urefu wa shubiri mbili toka udongoni, na machipukizi yale ya kwenye kwapa nayatoa kila Jumamosi asubuhi kama kumekauka, kama kumelowa naacha mpaka kesho, kidonda kibichi kwenye manyunyu ni mlango. Kufungia nilitumia kamba za mgomba, yale maganda makavu ya shina unayachana, hayakati shina kama kamba ya plastiki. Machipukizi mawili ya zile F1 niliyaweka kwenye glasi ya maji dirishani, yakatoa mizizi ndani ya siku kumi na kitu, ndo yaliyojaza nafasi ya yaliyokufa kwenye nailoni.

Dawa nilipiga. Najua kuna watu hawapendi kusikia, lakini nataka kuwa mkweli, nilipiga dawa ya kopa, yaani ya shaba, mara mbili, mwisho wa mwezi wa tano na katikati ya mwezi wa sita, kabla sijaona doa lolote. Inafanya kazi ya kuzuia tu, inakaa juu ya jani kama kizuizi, doa likishaingia ndani kopa haiponyi. Na ile karatasi ya kwenye pakiti inayosema usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, naomba muisome.

Sasa zile nyuzi mbili. Mwisho wa mwezi wa sita maua yalianza kupukutika. Mashina mazima, majani mazuri, lakini ua linakauka kwenye kikonyo chake linadondoka bila kuacha kitu. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi chavua ya nyanya inakuwa dhaifu, haishiki. Uwanjani karibu kila ua lilidondoka. Pale ukutani yalidondoka mengi lakini sio yote, labda nusu yalishika. Na kuna jambo lingine, ua la nyanya linajirutubisha lenyewe lakini linataka kutikiswa ili chavua imwagike, kazi hiyo inafanywa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, wanalishika ua wananguruma nalo. Nyuki wa asali hawana ule mngurumo. Na kwenye baridi hiyo wale weusi siwaoni kabisa. Kwahiyo nilikuwa nawaomba watoto wakitoka shule mchana, jua likiwa limetoka chavua imekauka, wapite wanagonga gonga vikonyo kwa kidole. Mdogo wangu wa mwisho aliifanya hiyo kazi kwa moyo kweli, hakuruka siku.

Zile nyanya pori mbili hazikuhitaji yote haya. Zilishika maua toka mwanzo mpaka mwisho.

Baridi nayo ina zawadi yake, kusema ukweli. Nyinyi mnaolima hapa mnamjua kantangaze, yule mdudu anayechora majani njia njia alafu anatoboa nyanya. Aliingia nchini kwetu akaonekana kwanza Ngarenanyuki, huku huku Meru, mwaka 2014, na waliolima nyanya miaka ile wanakumbuka mashamba yaliyobaki vijiti. Kantangaze kwenye joto la nyuzi 27 anamaliza mzunguko wake toka yai mpaka kipepeo kwa siku 24 hivi, lakini kwenye nyuzi 14 anahitaji zaidi ya siku 70. Mwezi wa saba huku kwetu anajikokota. Niliona majani manne tu yenye michoro msimu mzima, nikayaponda kwa vidole ikaisha, wakati mwezi wa pili nisingeyahesabu.

Wasumbufu wangu walikuwa koa, wale wasio na nyumba. Nilikuwa nimetandaza majani ya mgomba kwenye ndoo kufunika udongo, wakalala humo. Nikayatoa, nikatandaza maganda makavu ya maharage kidogo, wakapungua.

Kuiva ndo kulinipa wasiwasi zaidi. Nyanya inafika ukubwa wake alafu inakaa kijani wiki ya tatu, ya nne, unaanza kuona kama imegoma. Haijagoma. Toka ua mpaka kuiva ambako kwenye joto ni siku 45 mpaka 60, kwangu zilienda mpaka 80. Nilichojifunza ni kutozisubiri ziwe nyekundu kwenye shina. Ikianza tu kugeuka kule kitakoni, ule weupe unaoelekea waridi, nachuma, naweka kwenye boksi la karatasi na ndizi mbivu moja, boksi liko jikoni karibu na jiko la mkaa lakini sio juu yake. Ndizi inatoa ile hewa ya kuivisha. Jua halihitajiki, dirishani hakuna maana, na friji inaua ladha yake kabisa. Siku nane, kumi, nyekundu. Utamu? Zile Tanya za mwezi wa saba hazifikii za mwezi wa kumi, zina ukali zaidi, kwenye mchuzi wa dagaa ni nzuri sana, kwenye kachumbari unaona tofauti. Za ukutani zilikuwa tamu kuliko za uwanjani, mume wangu alizitofautisha bila kuambiwa. Na vile vidogo vya jalalani vilikuwa vitamu mwezi wote, watoto walikuwa wanakula hapo hapo kwenye shina na ndo maana sina hesabu yake.

Za kawaida nilihesabu. Toka tarehe 11 mwezi wa saba mpaka 28 mwezi wa nane, sado saba na nusu. Kuna wiki mbili pale katikati nilienda soko la Kilombero kununua vitunguu nikapita meza za nyanya bila kuuliza bei.

Mwisho wa mwezi wa nane wingu likaanza kuondoka mapema, saa tatu jua hili hapa, na mashina yaliyobaki kumi na moja, ukihesabu na yale ya machipukizi, yakaanza kutoa maua mapya kwa fujo. Tanya nimezing'oa maana zimemaliza. Zile F1 mbegu zake sizihifadhi, hazirudi kama mama yake. Lakini vile vidogo nilichagua kumi vilivyoiva kabisa toka lile shina ambalo halikupata doa hata moja, nikavikamua kwenye kikombe na maji kidogo, siku tatu vikachacha ule utelezi ukatoka, nikaosha, nikaanika kwenye gazeti.

Koko alipita mbegu bado ziko kwenye gazeti. Nikamwambia zimetoka jalalani. Akazipangusa kwa kidole, akauliza ni lile shina la kwenye kona au la kwenye kuni, nikamwambia la kwenye kuni, akaomba kijiko kimoja akazifunga kwenye pindo la kitenge. Zilizobaki ziko kwenye bahasha juu ya kabati, nimeandika tarehe 1 mwezi wa nne, nizisie siku tano mapema kuliko mwaka huu, na safari hii ndoo zote 12 zitakaa ukutani.